Matunzo, Tunzo na Wajibu: Uhakiki wa Lugha ya Madai ya Matunzo ya Mtoto katika Nyanda za Kati za Tanzania

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha inayobeba madai ya matunzo ya mtoto baina ya wazazi waliotengana, ikiyatazama kutoka Dodoma na nyanda za kati za Tanzania. Matini zinazohakikiwa ni za aina tatu: methali na semi za kila siku, sheria za mila zilizotamkwa mwaka 1963, na sheria zilizotungwa na Bunge, hususani Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Mtoto ya 2009. Hoja kuu ni kwamba sheria imemhamisha mtoto kutoka nafasi ya mali ya ukoo hadi nafasi ya mwenye haki, ilhali lugha ya madai bado inamweka kama mzigo ulioachwa au zawadi iliyonyimwa. Inaoneshwa pia kwamba vipimo vya uwezo wa mzazi vimefuata kalenda ya mshahara, na kwamba vipimo hivyo havitoshi pale ambapo riziki hufuata mvua, mavuno na mifugo.

1.0 Utangulizi

Mwezi Aprili 2018, Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwaalika wanawake waliotelekezewa watoto wafike ofisini kwake wasaidiwe. Waliitikia kwa mamia. Tukio hilo lilijadiliwa sana kwa upande wa siasa na wa maadili, lakini upande wake wa lugha haukupewa uzito. Wakati huo Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, ilikuwa imekwisha kutungwa kwa zaidi ya miaka minane, na ilikwishatamka kuwa mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake na kwamba maombi ya matunzo yapelekwe mahakamani. Hata hivyo, wito wa kiongozi ndio uliosikika kama mlango mpya. Haki iliyoandikwa katika sheria ilipokewa kama fadhila ya mtu mwenye madaraka.

Katika mwezi huohuo, tarehe 26, Dodoma ilitangazwa kuwa jiji. Tangu uamuzi wa kuhamishia Serikali Dodoma ulipoanza kutekelezwa kwa kasi mwaka 2016, mji huu umekuwa mahali ambapo namna mbili za maisha hukutana katika shauri moja. Mtumishi wa umma wa Mji wa Serikali wa Mtumba hupokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au mfugaji wa Bahi hupata fedha kwa misimu. Wote wawili wanaweza kusimama mbele ya hakimu mmoja, chini ya kifungu kimoja, wakiulizwa swali lilelile: unaweza kutoa kiasi gani kwa mwezi?

Uhakiki huu haupimi mwenendo wa mzazi mmojammoja, wala hautumii majalada ya familia yoyote. Unachunguza maneno ambayo kwayo wazazi, wazee, maofisa ustawi wa jamii na mahakama wanalielewa deni la mtoto. Swali lake ni hili: katika lugha hiyo, nani anadai, nani anadaiwa, na mtoto anakaa wapi katika sentensi?

2.0 Mtoto katika sarufi ya madai

2.1 Methali mbili zinazopingana

Methali ya Kiswahili isemayo kuwa kuzaa si kazi, kazi ni kulea, hunukuliwa mara nyingi katika usuluhishi wa wazazi. Kwa juu juu methali hii inaunga mkono madai ya matunzo, kwa sababu inaupa uzito ulezi kuliko uzazi. Ikitazamwa kwa makini, hata hivyo, haisemi ni nani afanye kazi hiyo. Kitenzi “kulea” kimeachwa bila mtenda. Katika mabaraza ya usuluhishi nafasi hiyo tupu hujazwa na desturi, na desturi huijaza kwa jina la mama. Methali inayomsifu mlezi inaweza basi kutumika kumbakiza mama peke yake na kazi, huku baba akibaki na sifa ya uzazi.

Methali ya pili ni ile isemayo kuwa kitanda hakizai haramu. Hii ni kanuni ya kisheria iliyovikwa sura ya usemi: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye kitanda. Hekima yake ni kubwa, kwa kuwa inamkinga mtoto na uchunguzi wa aibu kuhusu asili yake. Kasoro yake ni kwamba ulinzi huo unatoka kwa kitanda, si kwa mtoto mwenyewe. Mtoto asiye na kitanda, yaani aliyezaliwa nje ya ndoa, hana kinga ndani ya methali hiyo. Kwa hiyo methali ya kwanza inahimiza ulezi bila kumtaja mlezi, na ya pili inampa mtoto baba kwa njia ya ndoa peke yake. Madai mengi ya matunzo huibuka kutoka katika pengo lililo kati ya methali hizi mbili.

2.2 Kauli ya kutendea na kuhama kwa mdhulumiwa

Lugha ya kila siku ya madai hutegemea sana kauli ya kutendea. Husemwa “amemzalia watoto watatu” na “amenitelekezea mtoto”. Katika sentensi ya kwanza mwanamke anazaa kwa ajili ya mwanamume. Mtoto ni kitu kilichotolewa na mume ndiye mpokeaji. Katika sentensi ya pili mwelekeo umegeuka: mwanamume ameondoka, mwanamke ndiye aliyeachiwa, na mtoto ni kitu kilichoachwa mikononi mwake.

Tofauti kati ya “amemtelekeza mtoto” na “amenitelekezea mtoto” ni ndogo kwa umbo, lakini ni kubwa kwa maana. Katika umbo la kwanza mdhulumiwa ni mtoto. Katika umbo la pili mdhulumiwa ni mama, na mtoto amekuwa chombo cha dhuluma. Umbo la pili ni la kweli kwa maumivu ya msemaji, na si haki kumlaumu anayelitumia. Lakini likiingia katika shauri, linampa mdaiwa jibu rahisi: kwamba ugomvi ni wa watu wazima wawili, na kwamba mwenzake anatafuta fidia ya mapenzi yaliyokwisha. Mjadala huacha kumhusu mtoto na kurudi kwenye ndoa au uhusiano uliovunjika.

Kuna usemi mwingine unaosikika sana mijini na vijijini, nao ni “mzazi mwenzangu”. Usemi huu hauhitaji ndoa, hauhitaji mapenzi, wala hauna mzaliwa na mzaliwaji. Unawaweka wawili hao upande mmoja wa jukumu na kumwacha mtoto peke yake upande wa pili. Kwa mtazamo wa makala hii, huu ndio usemi wa Kiswahili cha kawaida ulio karibu zaidi na fikra ya Sheria ya Mtoto, ingawa hutumika kwa mzaha au kwa kejeli mara nyingi kuliko kwa dhati.

2.3 Utata wa neno “matunzo”

Istilahi yenyewe inastahili kuhakikiwa. “Matunzo” imetokana na kitenzi “tunza”, ambacho kina maana ya kuangalia na kuhifadhi vizuri. Kitenzi hichohicho kina maana ya pili, ya kumpa mtu zawadi, kama anavyotunzwa mchezaji ngomani, na kutokana nayo limepatikana neno “tunzo”. Maana hizi mbili hukaa pamoja katika fikra za wasemaji. Mwanamume anayesema kuwa “anamtunza mwanamke” anaeleza ukarimu wake. Akiacha, ameacha ukarimu, hajavunja sheria.

Kwa sababu hiyo, baba anayepeleka fedha kwa mama wa mtoto baada ya kutengana huweza kuona kuwa anamtunza mwanamke asiye mkewe tena. Manung'uniko kwamba mama “anakula hela ya mtoto” yana mzizi hapa. Neno la mitaani, “matumizi”, halina sifa ya zawadi, lakini nalo linahusishwa na nyumba na mke: mume huacha matumizi nyumbani. Nyumba ikivunjika, neno nalo linapoteza mahali pake. Istilahi ya kisheria imechagua neno bora kati ya yaliyokuwepo, lakini haijalitenga na kivuli chake.

3.0 Matini za sheria na nafasi ya mtoto

3.1 Tamko la sheria za mila la 1963

Tangazo la Serikali Na. 279 la 1963 lilikusanya na kusawazisha kanuni za jamii zinazofuata ukoo wa baba. Fikra yake kuu kuhusu watoto ni ya umiliki wa kiukoo: watoto wa ndoa ni wa baba, na watoto waliozaliwa nje ya ndoa ni wa upande wa mama. Tamko hilo liliruhusu mwanamume amhalalishe mtoto kabla hajaachishwa ziwa kwa kumlipa baba wa msichana shilingi 100. Malipo hayo hayakwenda kwa mtoto wala kwa mama aliyemnyonyesha. Yalikwenda kwa babu, kwa kuwa yalihusu uhamisho wa mtoto kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine.

Kwa Wagogo, ambao ni wenyeji wengi wa Dodoma na hufuata ukoo wa baba, mantiki hiyo haikuwa ngeni. Uchunguzi wa Peter Rigby, uliochapishwa mwaka 1969 katika kitabu chake kuhusu ng'ombe na ujamaa wa Wagogo, ulionesha jinsi mahari ya mifugo inavyofunga uhusiano wa koo na kuamua nafasi ya watoto. Ndani ya mfumo huo mtoto hakukosa chakula kwa sababu wazazi wamegombana: zizi na shamba la ukoo vilimlisha. Kosa la kihakiki lingekuwa kuihukumu mila kana kwamba ilikuwa na nia ya kuwatelekeza watoto. Tatizo ni kwamba kanuni ya umiliki imedumu, ilhali kaya pana iliyobeba gharama ya umiliki huo imepungua nguvu. Leo yapo madai ya baba anayesema mtoto ni wa ukoo wake, huku ukoo huo haumlishi.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mila ya nyanda za kati si moja. Upande wa mashariki, kuelekea Gairo na Kilosa, wako Wakaguru wanaofuata ukoo wa mama; upande wa Kondoa wako Waislamu wengi ambao kwao wajibu wa baba kuwalisha wanawe ni amri ya dini. Neno “mila”, likitajwa mahakamani bila kufafanuliwa, linaweza kuficha tofauti hizi zote.

3.2 Shilingi 100 za kila mwezi

Sheria ya zama za ukoloni iliyohusu watoto wa nje ya ndoa, Sura ya 278, iliweka kikomo cha matunzo kuwa shilingi 100 kwa mwezi. Kikomo hicho kilibaki katika vitabu vya sheria hadi sheria hiyo ilipofutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Shilingi 100 iliyokuwa fedha ya maana wakati wa kutungwa kwake ilikuwa imekwisha thamani kabisa miongo mingi kabla ya kufutwa. Sheria iliyoachwa hivyo hufundisha jambo: kwamba mtoto wa nje ya ndoa anastahili alama ya kutambuliwa tu, si riziki.

Athari yake ya pili haionekani kwa urahisi. Sheria hiyo ilizoesha mahakama na wananchi kuhesabu matunzo kwa mwezi. Kikomo kimefutwa, lakini mwezi umebaki kuwa kipimo cha mazoea. Suala hili litarejewa katika sehemu ya nne.

3.3 Sheria ya Ndoa na Sheria ya Mtoto

Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya 1971, katika kifungu cha 129, ilimpa mwanamume wajibu wa kuwatunza watoto wake, wawe kwake au kwa mtu mwingine. Mwanamke huingia pale baba anapokuwa amefariki, hajulikani aliko au hana uwezo. Hatua hii ilikuwa kubwa, kwa kuwa ilitenganisha wajibu wa kutunza na haki ya kukaa na mtoto. Hata hivyo kifungu cha 125, kinachohusu malezi, kiliendelea kuzitaja desturi za jamii ya wahusika kuwa miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa, sambamba na matakwa ya wazazi na ya mtoto mwenye umri wa kujieleza. Ustawi wa mtoto ulitangulizwa, lakini mlango wa ukoo haukufungwa.

Sheria ya Mtoto ilibadili mtenda wa sentensi. Wajibu ni wa wazazi wote wawili, na ombi linaweza kuletwa si na mama pekee bali pia na mlezi, ndugu, ofisa ustawi wa jamii, au mtoto mwenyewe kupitia rafiki yake. Kwa mara ya kwanza mtoto anaweza kuwa mwombaji. Kwa lugha ya sehemu ya pili ya makala hii, sheria imetoka katika “amenitelekezea” na kuingia katika “mzazi mwenzangu”.

Pamoja na sifa hizo, kifungu cha 43 kimebeba fikra ya zamani. Ombi dhidi ya mtu anayedaiwa kuwa baba linapaswa kuletwa kabla mtoto hajazaliwa au ndani ya miezi 24 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo linahitaji sababu maalumu, mojawapo ikiwa ushahidi kwamba mtu huyo aliwahi kutoa fedha za matunzo ndani ya miezi hiyo. Matokeo yake yana kinaya. Mwanamume aliyetoa kidogo ameacha alama inayoweza kumfunga, na aliyenyima kabisa amejijengea ukuta. Zawadi inageuka kuwa ushahidi, na unyimaji unageuka kuwa kinga. Ni kweli kwamba ombi la kuthibitisha uzazi lina masharti yake yenyewe, hivyo mtoto hafungiwi milango yote. Lakini mama asiye na wakili, anayefuata ahadi za mzazi mwenzake kwa miaka miwili, hajui kwamba muda anaoutumia kusubiri unahesabiwa dhidi ya mtoto.

3.4 Kinaya cha lugha

Hapa panajitokeza jambo ambalo uhakiki wa Kiswahili hauwezi kulipita. Kanuni za mila, zenye fikra ya mtoto kuwa wa ukoo, zilipatikana kwa Kiswahili tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Sheria ya Ndoa na Sheria ya Mtoto, zenye fikra ya haki, zilitungwa kwa Kiingereza. Mwananchi wa Chamwino au Mpwapwa alifikiwa na umiliki kwa lugha yake, na haki kwa lugha ya wengine.

Mabadiliko yalikuja mwaka 2021. Katika maadhimisho ya Siku ya Sheria yaliyofanyika Dodoma tarehe 1 Februari, Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zepharine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, na katika mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo inatoa nafasi, lakini haitoi jawabu peke yake. Kutafsiri neno kwa neno hakuondoi kivuli cha “tunzo” ndani ya “matunzo”, wala hakuzuii “amenitelekezea” kuingia katika jalada kama ilivyo. Kazi ya istilahi ni kazi ya haki.

4.0 Kipimo cha uwezo: mwezi, msimu na zizi

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto kinaitaka mahakama izingatie kipato na mali za wazazi wote, kupungua kwa uwezo wa mwenye wajibu kujipatia kipato, majukumu yake kwa watoto wengine, gharama za maisha mahali anapoishi mtoto, na haki za mtoto. Ni orodha nzuri. Ugumu unaanza pale inaposomwa kwa kalenda ya mshahara.

Mvua za nyanda za kati ni za msimu mmoja, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na ni chache. Mtama na uwele huvunwa mara moja. Mzabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Mkulima aliyeamriwa kutoa kiasi kilekile kila mwezi atakuwa mdaiwa sugu mwezi Januari, hata kama alikuwa na uwezo wa kulipa miezi mitatu kwa mkupuo baada ya mavuno. Amri isiyolingana na riziki huzalisha ukaidi ambao haukuwepo. Mzazi aliyekusudia kutoa hugeuzwa mkosaji, naye mkosaji wa kweli hupata pa kujificha kati ya wengi wanaoshindwa. Kwa upande mwingine, mtoto hali kwa misimu. Kwa hiyo malipo ya mavuno hayana budi kuwekwa mahali ambapo yatadumu, iwe kwa nafaka ghalani au fedha inayotolewa kidogo kidogo.

Mifugo inaleta ugumu wa aina nyingine. Rigby alieleza desturi ya kutawanya ng'ombe kwa kuwaweka katika mazizi ya watu wengine kwa dhamana, ili ukame au maradhi yasimalize kundi lote. Swali la kawaida la mahakama, “una ng'ombe wangapi?”, halina jibu rahisi. Walio zizini kwa mdaiwa huenda si wake, na walio wake huenda wako kwa wengine. Mtu mwenye mali anaweza kuonekana fukara, na mtunza mifugo ya watu anaweza kuonekana tajiri. Taarifa ya uchunguzi wa kijamii, ambayo mahakama inaweza kumwomba ofisa ustawi wa jamii aiandae, ingekuwa chombo cha kulitatua fumbo hili, mradi mwandishi wake aulize ng'ombe ni wa nani na si wako wapi.

Upungufu mzito zaidi uko katika kile ambacho orodha haikitaji. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Kanuni hiyo haijapewa sauti ya wazi katika hesabu ya matunzo. Kifungu cha 44 kinataja kipato na mali za wazazi wote wawili, lakini hakitaji saa za kuchota maji, kupika, kuuguza na kumpeleka mtoto shule. Mama anayelea huhesabiwa kuwa hana kitu, na baba anayetoa fedha kidogo huhesabiwa kuwa ndiye anayetoa kila kitu. Methali ya “kazi ni kulea” inajua kuwa ulezi ni kazi. Sheria haijaijumuisha kazi hiyo katika mizani yake.

5.0 Hoja kinzani

Hoja mbili zinaweza kutolewa dhidi ya uhakiki huu. Ya kwanza ni kwamba tatizo ni umaskini na udhaifu wa utekelezaji, si maneno. Hoja hii ina ukweli: neno bora halijazi chungu. Hata hivyo utekelezaji hutegemea jinsi watu wanavyolielewa deni. Deni la mtoto likieleweka kama fadhila kwa mwanamke, baba, jirani na hata mwenyekiti wa mtaa wataona kulidai ni kero.

Ya pili ni kwamba lugha ya haki za mtoto humsahau baba anayetoa lakini ananyimwa kumwona mwanawe. Malalamiko hayo hayapaswi kupuuzwa, kwa kuwa sheria inatambua pia haki ya kumtembelea mtoto. Lakini kuyafunga mambo haya mawili pamoja, fedha kwa kuonana, ni kurudi kwenye biashara ya shilingi 100 za mwaka 1963, ambapo malipo hununua nafasi kwa mtoto. Mtoto anayenyimwa chakula kwa sababu baba amenyimwa ziara ameadhibiwa kwa kosa la mtu mzima. Na anayenyimwa baba kwa sababu fedha haijafika ameadhibiwa vivyo hivyo. Kila haki ina ombi lake.

6.0 Hitimisho

Imeoneshwa kwamba safari ya sheria kutoka 1963 hadi 2009 ni safari ya mtoto kutoka kuwa kitu kinachotendewa hadi kuwa mtenda anayeweza kuomba. Imeoneshwa pia kwamba lugha ya madai haijafika huko, na kwamba kifungu cha 43 pamoja na mazoea ya kuhesabu kwa mwezi yanairudisha sheria nyuma.

Kutokana na uhakiki huu yanapendekezwa mambo matatu. Kwanza, tafsiri na uandishi wa sheria kwa Kiswahili uifafanue istilahi ya matunzo kuwa ni haki ya mtoto inayopitia mikononi mwa mlezi. Pili, amri za matunzo katika maeneo ya kilimo na ufugaji ziruhusiwe kufuata misimu, zikiwa na masharti ya kuhakikisha mtoto anakula mwaka mzima. Tatu, kifungu cha 44 kiongezwe kipengele kinachoitambua kazi ya kulea kuwa mchango wa mzazi, kwa kufuata mantiki iliyokwishakubaliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Kikiongezwa hicho, mzazi anayekaa na mtoto hataingia tena mahakamani akiwa mwombaji asiye na kitu. Ataingia akiwa amekwishatoa sehemu yake, na swali litakalobaki litakuwa ni lini na kwa njia gani mwenzake atatoa ya kwake.